Hakuna Dawa ya Chupa Inayobeba Gari

"Fundi, nikitoa ranflati niweke matairi ya kawaida, nimimine dawa gani ndani ili nayo yatembee bila upepo?" Nimeulizwa swali hili hapa Majengo, Nyeri, hadi nalitambua kabla mwenye gari hajafungua mlango. Huwa ana BMW 3 Series iliyoshuka Mombasa kutoka Japani, au Mini, au Mercedes iliyotumika Uingereza. Matairi yake yameisha, ametajiwa bei ya ranflati mpya akashtuka, na muuza vipuri keshamshauri kwamba matairi ya kawaida na chupa nne za ule ute wa kijani ni kitu kilekile kwa pesa kidogo. Si kitu kilekile. Hakuna dawa ya chupa inayoliwezesha tairi la kawaida kutembea bila upepo, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakuuzia ajali.

Kubadili kwenyewe si kosa, na wengi wanaokuja kwangu nawaambia wabadili. Kosa ni kudhani kwamba kile ulichokuwa nacho kwenye ranflati kinaweza kurudishwa kwa kumimina.

Imani hii haifi kwa sababu ina ushahidi wake, na ushahidi wenyewe si wa uongo. Siku ya soko muuzaji husimama na tairi la pikipiki lililojaa upepo, analigongomea msumari mbele ya umati, anauchomoa, upepo unafoka kidogo kisha unakatika. Watu wanatoa pesa. Mwendesha boda boda anayepita kwenye miiba ya migunga kule Laikipia naye atakuapia kwamba tangu atie dawa hajasukuma pikipiki, na ninamwamini. Lakini tazama vizuri ulichoonyeshwa. Ni tundu dogo la msumari, kwenye uso wa tairi unaokanyaga barabara, katika tairi lililojaa upepo. Upepo huo ndio uliousukuma ute hadi kwenye tundu ukaliziba. Upepo ukiisha, ute hauna wa kuusukuma. Unalala chini ya tairi.

Ranflati inaanza kazi hapo ambapo dawa imekwisha kazi. Ukiikata ukaitazama, utaona ubavu mnene wa mpira mgumu usiolainika haraka kwa joto, uliotiwa nguvu ili ubavu peke yake ulibebe gari upepo ukitoka wote. Ndiyo maana watengenezaji wengi huahidi takriban kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa baada ya upepo kwisha. Ukipata pancha Naro Moru utafika Nyeri au Nanyuki. Nairobi hutafika, na kwenye barabara yenye mashimo usitegemee kilomita zote hizo.

Tairi la kawaida halina ubavu wa namna hiyo, wala halikukusudiwa kuwa nao. Linalolibeba gari ni upepo. Chukua gari la kilo 1,500: kila gurudumu linabeba kama kilo 375. Kwa upepo wa psi 32, mzigo huo unakaa juu ya eneo la sentimita mraba kama 165 za lami, na kila sentimita ya eneo hilo inasukumwa na upepo ulio ndani. Ondoa upepo, na kilo 375 zinaangukia mbavu laini zilizotengenezwa ili zipinde. Sasa niambie nusu lita ya ute iliyotuama ndani itazibeba kilo hizo kwa kitu gani.

Kinachofuata ninakiona kila ninapolivua tairi lililoendeshwa tupu. Ubavu unakunjwa kati ya rimu na lami, kila mzunguko mara moja, na kukunjwa huko kunazaa joto. Nyuzi za ndani zinakatika. Ndani ya tairi unakuta unga mweusi, mpira uliojisaga wenyewe, na nje kuna mstari unaozunguka ubavu mzima kama mkunjo wa suruali. Haihitaji safari ndefu. Mwendo wa mita mia kadhaa unatosha kulimaliza. Tairi lenye unga huo ni la kutupwa, hata kama tundu lililosababisha yote lingezibwa na fundi yeyote kwa dakika tano. Likijazwa upepo tena linaweza kushikilia wiki nzima, kisha ubavu ukapasuka wote kwa mpigo, gari likiwa kwenye mwendo na watoto wakiwa nyuma.

Hapo ndipo dawa inapogeuka kutoka kitu kisicho na maana hadi kitu cha hatari. Aliyeimimina anaamini amekingwa. Gari likianza kuvuta upande mmoja hasimami, maana ameambiwa dawa itafanya kazi yake. Msumari uliokwama ukivujisha polepole hauoni, kwa sababu ute umeuficha nusu. Haoni haja ya kununua speya. Siku ubavu utakapochanika anagundua kwamba alichonacho ni chupa tupu.

Na huku kwetu ni ubavu unaochanika. Mtu wa mjini hufikiri adui wa tairi ni msumari. Anayetoka Othaya, Mukurweini au Ihururu anajua adui ni ukingo wa lami uliomong'onyoka, jiwe lililochongoka pembeni mwa barabara ya murram, na shimo lililojaa maji ya mvua usilojua kina chake. Vitu hivi havitoboi, vinapasua. Dawa nyingi zenyewe zimeandikwa kwenye chupa kwamba zinaziba matundu yasiyozidi milimita 6 hivi, kwenye uso wa tairi tu, kwa muda, na kwamba ukishaitumia uende polepole hadi kwa fundi. Hayo yameandikwa na aliyeitengeneza. Ahadi ya kutembea bila upepo imeongezwa na muuzaji njiani.

Madhara mengine nayapitia haraka kwa kuwa yananiudhi tu, hayaui. Ute unatuama upande mmoja gari likilala, na asubuhi usukani unatetemeka hata kama balansi ilifanywa jana. Ukifika kwenye valvu au kwenye sensa ya upepo, unaviziba. Baadhi ya dawa hula alumini ya rimu. Na ukija kuziba pancha sawasawa, gundi ya kiraka haishiki juu ya ute. Lazima tairi lioshwe na kukaushwa kwanza, na fundi mwenye haraka hataosha.

Wapo wanaoikataa dawa kisha wakaangukia tiba ya pili: kutia tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu. Usikubali. Tyubu inasuguana na ndani ya tairi lisilotengenezewa tyubu, inapata joto, na ikitoboka inatoa upepo wote mara moja badala ya kuvuja taratibu. Tiba ya tatu ni kujaza psi 50 ili mbavu ziwe ngumu kama za ranflati. Utakachopata ni tairi linalodunda, linaloisha katikati, na lenye breki dhaifu kwenye lami iliyolowa. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Pima asubuhi kabla ya kutembea, hasa Julai, kwani baridi ya Nyeri inashusha karibu psi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopungua.

Basi kwa nini nasema wengi wabadili? Kwa sababu ugumu uleule unaoiokoa ranflati bila upepo unaiumiza ikiwa na upepo. Shimo ambalo ubavu laini ungelimeza, ubavu mgumu unalipeleka moja kwa moja kwenye rimu, na rimu za alumini zinapinda au zinapata ufa. Ninaona rimu nyingi zilizopasuka kwenye magari yenye ranflati kuliko ninavyopenda kuona. Ukiendesha ranflati bila upepo, watengenezaji wengi hawataki izibwe tena, maana hakuna anayeweza kusema ndani kumeungua kiasi gani. Mpya yenye saizi yako huenda isipatikane Nyeri; utaisubiri kutoka Nairobi huku gari likiwa juu ya mawe.

Yapo maswali mawili ambayo hayastahili hofu yanayopewa. Rimu zilizotoka na ranflati zinakubali tairi la kawaida. Mara nyingi zina tuta lililoinuka zaidi ndani ili kulishika tairi lisivuke likiwa tupu, na tuta hilo halilidhuru tairi la kawaida. Na kompyuta ya gari haitakataa. BMW nyingi hutambua upungufu wa upepo kwa kulinganisha mizunguko ya magurudumu kupitia sensa za ABS. Ukimaliza kubadili unaenda kwenye menyu, unauanzisha mfumo upya, unaendesha kidogo, basi. Ila kumbuka kwamba mfumo wa namna hiyo hautaona upungufu ikiwa matairi yote manne yamepungua kwa pamoja, kwa hiyo kipimo cha mkono bado kinahitajika. Gari lenyewe litakuwa laini zaidi na usukani utajibu kwa uvivu kidogo. Utazoea.

Sasa namna ya kufanya. Kwanza hakikisha una ranflati kweli, soma ubavuni: RFT ni Bridgestone, ZP ni Michelin, SSR ni Continental, ROF ni Goodyear, DSST ni Dunlop, MOE ni zile za Mercedes. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lililotumika huruhusiwa kuingia Kenya likiwa na hadi miaka 8, na matairi yake yanaweza kuwa na umri huohuo hata kama meno yanaonekana mazuri. Badili yote manne kwa siku moja. Usichanganye, mbele kawaida na nyuma ranflati, kwa sababu gari litashika njia tofauti mbele na nyuma kwenye kona, na kona za kuelekea Mukurweini si mahali pa kujaribia. Weka saizi ileile na namba ya mzigo isiyopungua iliyokuwapo: kama ilikuwa 225/50 R17 94W, 94 isishuke. Ukiwa na rimu za inchi 18 na unaishi kwenye murram, tafuta za 17 au 16 zinazopita juu ya breki zako. Kwenye 3 Series ya F30, 225/45 R18 ina ubavu wa milimita 101 hivi, 205/60 R16 ina 123, na kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu sawa.

Halafu speya, na hapa sikubali visingizio. Magari haya mengi hayakuja na speya wala jeki, na chini ya zulia la buti la 3 Series kwa kawaida hukuti nafasi ya gurudumu. Nunua speya nyembamba ya muda au gurudumu kamili, lifunge buti lisirukeruke. 3 Series za E90 na F30 zina matundu matano ya 5x120. 3 Series mpya ya G20 ni 5x112, kwa hiyo usichukue yoyote unayoiona ina nembo ya BMW. Ijaribu juu ya breki za mbele kabla hujalipa. Speya nyembamba nyingi zinataka psi 60 na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa; iliyokaa miaka miwili bila kupimwa ni uzito tu. Ongeza jeki inayoingia kwenye kishikio cha gari lako, spana ya 17, viakisi viwili vya pembetatu, kompresa ndogo ya volti 12 na kamba za kuziba matundu ya uso wa tairi. Chupa ya dawa ikikaa buti kwa dharura, ifunguliwe baada ya pancha na si kabla, kisha tairi lioshwe na kuzibwa kwa kiraka cha uyoga kutoka ndani. Sina ugomvi na matumizi hayo.

Wapo ambao nawaambia wabaki na ranflati. Muuguzi anayerudi peke yake usiku wa manane kwa njia ya Mweiga kuelekea Nyahururu, mzee ambaye mgongo haumruhusu kuinamia jeki, mama mwenye watoto wadogo anayepita sehemu asizotaka kusimama. Kwa hao bei ile ni halali yake, mradi mfumo wa kuonya upungufu wa upepo unafanya kazi, kwani ranflati tupu haitambuliki kwa macho na utazimaliza kilomita zako bila kujua. Anayeendesha kutwa ndani ya mji, au kati ya Nyeri na Nairobi kwa lami ya Marua hadi Kenol, na anaweza kufungua bolti tano, hana sababu ya kulipa zaidi.

Jambo moja ulifanye leo, iwe utabadili au hutabadili. Rimu nyingi za magari ya nje zina bolti moja ya kufuli kwenye kila gurudumu, yenye kichwa chake cha pekee, na ufunguo wake mara kwa mara hupotea kabla gari halijakufikia. Fungua buti, utafute. Usipouona, nenda kwa fundi mchana huu akazitoe bolti hizo akuwekee za kawaida, maana bila ufunguo huo speya, jeki na spana zote hazitakusaidia.