Wembe Wako, Ngozi Yako

Ni Jumamosi jioni bwenini. Ndoo ya maji iko bafuni, wembe ni mmoja, wasichana ni wanne. Mmoja akimaliza anausuuza, anampa mwenzake. Hakuna anayesema kitu, maana mambo ya huko chini ati si ya kuzungumza. Je dada, umewahi kuwa mmoja wa hao wanne? Kama ndiyo, usione haya. Soma tu mpaka mwisho.

Je, ni lazima kunyoa?

Kiafya, hapana. Mavuzi si uchafu. Yanapunguza msuguano kati ya nguo na ngozi laini ya sehemu za siri. Kinachotakiwa ni kuosha kwa maji kila siku.

Wengi wetu tunanyoa kwa sababu ya mila tulizofundishwa na somo au bibi. Waislamu wanafundishwa kutoyaacha kupita siku 40. Wengine wanapenda tu kujisikia wepesi wakati wa hedhi. Hayo ni mambo yako, amua mwenyewe.

Lakini usinyoe kwa kuogopa kwamba nesi atakucheka. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna haja ya kumnyoa kila mama anayekuja kujifungua kwa njia ya kawaida. Na mwaka 2016 lilisema wembe usitumike kumnyoa mgonjwa kabla ya upasuaji, kwa sababu huacha michubuko midogo ambayo vijidudu hupitia. Kwa hiyo ukiwa na kidonda au unatokwa na uchafu wenye harufu, nenda kliniki kama ulivyo. Ukinyoa kwanza utaongeza maumivu tu.

Kwa nini tusichangie wembe?

Wembe hukwangua ngozi hata pale ambapo huoni damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na bado vikaambukiza. Virusi vya UKIMWI havidumu hivyo, lakini wembe wenye damu mbichi ukikukata, hatari ipo. Kusuuza kwa maji hakutoshi, wala kuupitisha kwenye moto wa kiberiti.

Je, umeshajikata na wembe wenye damu ya mtu mwingine? Usikae kimya. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Zipo dawa za kuzuia UKIMWI, lakini lazima zianze kabla ya saa 72 kupita. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini.

Basi, tunyoe vipi?

1. Kama nywele ni ndefu, zipunguze kwanza kwa mkasi safi. Ukitaka, ishia hapo hapo. Hii ndiyo njia yenye madhara kidogo kuliko zote.

2. Osha kwa maji ya uvuguvugu, uache maji yalainishe nywele kwa dakika tatu hivi. Usinyoe pakavu.

3. Paka povu la sabuni isiyo kali.

4. Shika kioo, kaa penye mwanga. Vuta ngozi kidogo kwa mkono mmoja, unyoe taratibu kufuata nywele zinakolalia. Ukinyoa kinyume utapata ulaini wa siku mbili na vipele vya wiki nzima.

5. Suuza wembe kila mara, na usirudie pale pale mara nyingi. Nyoa nje tu. Mashavu ya ndani hayana nywele, wembe hauna kazi huko.

6. Suuza kwa maji, jikaushe kwa kugusagusa na taulo safi. Vaa chupi ya pamba isiyobana.

Usipake spiriti, limau, dawa ya meno wala manukato. Vitu hivi vinaunguza ngozi. Ukitumia krimu ya kuondoa nywele, ijaribu kwanza mahali padogo na usubiri siku moja, na isiingie ndani.

Wembe ukianza kuvuta badala ya kukata, umekwisha kazi. Ufunge kwenye karatasi nene, uutupe chooni kwenye shimo, mahali ambapo mtoto hawezi kuufikia.

Vipele vikitoka

Nywele zetu za kipilipili zikinyolewa karibu sana na ngozi, ncha hujikunja na kuota kwa ndani. Ndiyo maana vipele vinatoka. Usivikamue. Acha kunyoa mpaka vipone, na ukande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

Ila nenda kliniki ukiona jipu linalokua, usaha, homa, malengelenge au vidonda. Ukiona vinyama vidogo, yaani masundosundo, usipitishe wembe juu yake, utavisambaza. Sio kila kipele kimeletwa na wembe, na wewe kwa macho huwezi kujua.

Wembe mpya ni bei ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali. Basi Jumamosi ijayo, mwenzako akikunyooshea wake, mwambie kwa upole: "Asante, ninao wangu." Kisha mpe na yeye gazeti hili asome.