Mizani na Metorex: namba inayocheza na namba inayokosa

Ku Kolwezi, ku Likasi na ku Lubumbashi, makuta ya mchimbaji inatoka mu mashini mbili: ile ya kupima kilo na ile ya kupima madini. Kila siku watu wanagombana juu ya namba zake. Tujaribu kuangalia ndani ya mashini hizo, tujue namba inapotea wapi.

Gunia inapanda juu ya mizani. Namba nyekundu zinaonyesha 51,2, kisha 51,0, kisha 51,3. Mwenye depo anaandika 51 mu daftari. Kisha anakamata Metorex kama mtu anayeshika bastola, anaielekeza ku jiwe, anangoja sekunde chache: kobalti 2,6. Mchimbaji anakataa: « Papa, kwa jirani yako ilisema 3,1. Na jiwe ni ile ile! »

Kila mtu aliyefika ku depo anajua mazungumzo hayo. Na hesabu yake si ya mchezo. Mu tani moja ya mawe ya 3,1 kwa mia kuna kilo 31 za kobalti. Mu tani ya 2,6 kuna kilo 26. Hapo kilo tano zimekwenda, na bei yenyewe inafuata teneur.

Ni wizi? Mara ingine, ndiyo, mtu anaweza kuharibu mashini kwa kusudi. Lakini hata mashini ya mtu wa haki haitoi namba moja kila mara. Mtu asiyejua sababu atapiga kelele bure, ao atanyamaza siku ambayo alipaswa kusema.

Umeme mdogo sana

Chini ya sahani ya mizani ya elektroniki kuna kipande cha chuma. Mzigo ukikaa juu, chuma kinajipinda kidogo, jicho haliwezi kuona. Nyuzi nyembamba zilizobandikwa juu yake zinajivuta pamoja nacho, na umeme unaopita ndani yake unabadilika.

Unabadilika kiasi gani? Tuchukue mizani ya tani moja, ya aina ya kawaida, inayolishwa na volti 10. Ikibeba tani nzima, inatoa milivolti 20 tu. Maana yake kilo moja ni mikrovolti 20. Batri moja ya radio, ile ya volti 1,5, inapita hiyo mara 75 000. Ni kama kusikiliza mtoto anayenong'ona katikati ya soko.

Na soko ni kubwa. Unajua namna radio inalia « ti-ti-ti » wakati telefone iko karibu kupokea mwito? Nyaya za mizani nazo zinasikia ile kitu. Zinasikia pia nyaya za courant ukutani, moteri ya mashini ya kusaga, na poste ya kusudia. Mafundi wanaita hiyo makelele, hata kama sikio halisikii chochote. Ni hiyo inayofanya namba icheze, pamoja na upepo na miguu ya watu wanaopita.

Watengenezaji wanajua. Courant yetu inazunguka mara 50 kwa sekunde. Kama mizani inasikiliza kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mizunguko mitano kamili imepita: yenye kupanda na yenye kushuka inafutana. Lakini siku courant imekatika na depo imewasha groupe, moteri haishiki 50 sawasawa. Inakwenda 47, inakwenda 53. Kufutana hakutimii tena, na namba inaanza kucheza zaidi.

Kosa lisilotikisika

Namba inayocheza ina dawa: pima mara nyingi, tafuta ya katikati. Kosa la hatari ni lile linalosimama imara. Mizani inasema 51,0 mara kumi, na mara zote kumi inakosa.

Mfano mmoja unashangaza. Mizani haipimi kilo zenyewe, inapima nguvu ambayo dunia inavutia mzigo. Nguvu hiyo si sawa kila pahali. Ku Paris ni 9,81 hivi. Ku Kolwezi, karibu na ikweta na juu mu milima, ni 9,78 hivi. Mizani iliyopangwa ku Paris, ikiletwa hapa bila kupangwa upya, itasoma kilo 997 hivi kwa mzigo wa kilo 1000. Hakuna mtu aliyeiba, lakini kilo tatu hazionekani, kila tani. Ndiyo maana mizani inapaswa kupangwa pale inapofanya kazi, na mawe ya kupimia yanayojulikana uzito wake.

Joto nalo linasukuma namba upande mmoja. Mizani iliyowashwa sasa hivi, ao iliyohamishwa kutoka kivulini kwenda juani, ingojee ipate joto moja kwanza.

Metorex inahesabu kama mvua

Metorex lilikuwa jina la kampuni moja ya Finland. Leo kwetu ni jina la mashini yoyote ya aina hiyo. Inatupa miale ya X, na kila metali inajibu kwa mwale wake. Ndani, kila jibu linakuwa pigo dogo la umeme, na mashini inahesabu mapigo.

Mapigo hayo yanaanguka kama matone ya mvua juu ya mabati. Ukihesabu kwa muda mfupi, kila mara utapata hesabu tofauti. Sheria yake inajulikana: ukihesabu mapigo 100, hesabu inacheza kwa 10 hivi, maana yake 10 kwa mia. Ukihesabu 10 000, inacheza kwa 100 hivi, ni 1 kwa mia tu. Kupunguza mchezo kwa nusu, ngoja mara nne zaidi. Anayefinya kwa sekunde tano na anayefinya kwa sekunde sitini hawafanyi kazi moja.

Kuna pia kosa lisilotikisika. Mwale wa kobalti uko ku 6,93. Mwale wa pili wa chuma uko ku 7,06. Ni majirani wa ukuta mmoja, na mashini haiwaoni mbalimbali vizuri. Inatumia hesabu kuwatenganisha. Mu mawe yenye chuma mingi, hesabu isiyopangwa kwa mawe hayo itapandisha ao itashusha kobalti, kila mara upande ule ule. Tena miale inasoma ngozi ya jiwe tu, na maji ndani ya mawe yanashusha namba.

Ku depo, fanya hivi

Angalia kama mizani tupu inasoma sifuri. Weka gunia moja ku pembe nne za sahani: uzito uwe mmoja. Pima gunia mbili, moja moja, kisha pamoja: hesabu ikubaliane. Hiyo haitaki chombo chochote, lakini haionyeshi kosa la kupangwa. Kwa hilo, omba jiwe la kupimia. Kuhakikisha vyombo vya kupimia ni mu kazi ya OCC.

Kwa Metorex, omba mawe yasagwe, yakauke na yachanganywe. Omba mara tatu, na muda uwe mmoja. Namba zikiwa 2,9, 3,1 na 3,0, hayo ni makelele: chukua ya katikati. Lakini depo moja ikisema 2,6 mara zote tatu na jirani 3,1 mara zote tatu, makelele hayahusiki tena. Mashini moja imepangwa vibaya. Hapo kooperative iliyotunza unga wa mawe uliopimwa mu laboratware inaweza kuuweka mbele ya Metorex zote mbili. Mwenye depo wa haki hatakataa.