Vyombo vya Kemia katika Mji wa Shaba

Ni michache miji ya bara hili ambayo riziki yake imefungamana na vipimo vya kemia kama mji wa Lubumbashi. Tangu mwaka 1911, lilipoanza kuyeyusha shaba tanuru la Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoasisiwa mwaka 1906, na hata baada ya serikali kuitaifisha mali yake mwaka 1967 na mali hiyo kuangukia mikononi mwa shirika tunalolijua leo kwa jina la Gécamines, bei ya shehena ya madini imekuwa ikitegemea karatasi itokayo maabara, na tofauti ya sehemu ndogo ya asilimia moja katika karatasi hiyo huwa faida ya mmoja na hasara ya mwingine. Leo, ambapo zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka Kongo, karatasi hiyo imezidi uzito. Wachimbaji wadogo wadogo wa upande wa Kolwezi wapelekapo magunia yao kwenye madepo, mnunuzi huyaelekezea mawe bastola ya eksirei waiitayo metorex, tarakimu ikatokea kiooni, na bei ikakatwa papo hapo. Na malalamiko yao ya siku nyingi ni kwamba tarakimu hiyo hawana njia ya kuihakiki. Mtu anayelipwa kwa hesabu asiyoweza kuikagua amenyang'anywa nusu ya haki yake kabla biashara haijaanza, na dawa ya dhulma hiyo ni kuwa na watu wengi, wenyeji wa nchi hii, wanaojua tarakimu huzaliwaje ndani ya chombo.

Watu hao hufundishwa chuoni. Kutoka mtaa wa Karavia, penye ziwa na hoteli kubwa na uwanja wa gofu, hadi kampasi ya Kasapa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi si safari ya kumchosha mtu mwenye gari. Chuo hicho kiliasisiwa mwaka 1955, mji ukiitwa Élisabethville. Mwaka 1971 kikaunganishwa na vyuo vya Kinshasa na Kisangani kuwa chuo kimoja cha taifa zima, na mwaka 1981 kikarudishiwa uhuru wake. Yamekutana hapo mambo mawili yaliyozaliwa mwaka mmoja, kwani ni mwaka huo wa 1955 ambapo Alan Walsh, mtaalamu aliyefanya kazi Australia, alichapisha njia ya kupima metali kwa nuru inayofyonzwa na atomu ndani ya mwali wa moto, njia ambayo hata leo haijaisha kazi katika maabara za migodi. Mwanafunzi wa Katanga anayehitimu bila kuwahi kukishika chombo cha namna hiyo, wala vile vidogo vinavyotangulia kumwelekeza, huingia mgodini akiwa msomaji wa karatasi za wenzake.

Tunapozungumzia kuvifanya upya vyombo vya maabara za kufundishia, tunazungumzia hasa vitu viwili: vihisi na kompyuta. Kihisi ni kifaa kinachogeuza hali fulani ya maumbile, kama vile joto, uchachu, rangi au shinikizo la gesi, kuwa umeme mdogo; umeme huo hupimwa, hugeuzwa kuwa nambari, na kompyuta huziandika nambari hizo kwa mfuatano wa nukta za wakati. Mashuhuri kupita vyote ni elektrodi ya kioo, ipimayo ule uchachu uitwao pH, kipimo alichokianzisha Søren Sørensen mwaka 1909 katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Denmark. Na aliyeiunganisha elektrodi hiyo na mashine moja imara ya umeme ni Arnold Beckman wa California, mwaka 1934, alipoombwa na mkemia wa ushirika wa wakulima wa matunda ampatie namna ya kupima ukali wa maji ya malimau.

Inafaa kuitazama elektrodi hiyo kwa karibu, maana ndani yake mna funzo lote la jambo hili. Nchani pana tufe la kioo chembamba mno, lenye upana wa sentimita moja hivi, na ndani yake mna myeyusho usiobadilika. Kioo hicho kikizamishwa katika asidi au alikali, baina ya uso wake wa ndani na wa nje hutokea umeme, nao hubadilika kwa milivolti 59 hivi kwa kila pH moja, joto likiwa digrii 25. Kwa kuwa kioo hupitisha umeme kwa shida kubwa, unyevu kidogo tu kwenye kichwa cha waya wakati wa masika hutosha kuupotosha usomaji. Na kiangazi cha Katanga, kianzacho mwezi wa Mei na kuendelea hadi Septemba, hewa huwa kavu kiasi kwamba elektrodi iliyoachwa wazi, bila kofia yake yenye maji ya kloridi ya potasiamu, hukauka na kuanza kusoma kwa uvivu, kisha kwa uongo. Wapo wanaodhani kuwa wanaihifadhi vyema wakiiweka katika maji safi yaliyotoneshwa, kumbe maji hayo huinyonya chumvi yake na kuidhoofisha. Hata ikitunzwa kwa uangalifu wote, aghalabu haivuki miaka miwili au mitatu. Basi anayenunua elektrodi amenunua mafuta ya taa, hakununua taa: itakwisha, na hana budi kujua mapema atapata wapi nyingine.

Faida yake lakini ni kubwa. Katika zoezi la zamani, ambalo kila aliyesoma kemia analikumbuka, mwanafunzi hudondosha alikali kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, ndani ya asidi yenye kiashiria cha fenolfthaleini, akingoja uwaridi hafifu udumu. Na rangi ikitokea amepata nukta moja tu, basi. Akitumia kihisi, hupata mamia ya nukta, na mbele ya macho yake huchorwa mstari unaopanda polepole, ukafika mahali ukaruka ghafla, kisha ukatulia juu. Mwalimu aweza kumwuliza kwa nini asidi ya siki hupanda kwa mteremko tofauti na asidi ya chumvi, na jawabu limo katika umbo la mstari lenyewe. Pamoja na hayo, mimi si miongoni mwa wanaotaka bureti ipelekwe ghalani. Mwanafunzi ahesabu kwanza kwa mkono na kwa jicho, aandike daftarini, kisha alete kihisi akilinganishe. Na kila asubuhi kabla ya somo akihakiki kwa miyeyusho ya bufa, ile ya pH 4, 7 na 10, mwenyewe, asimwachie msaidizi. Kompyuta iliyokwisha kuandaliwa kila kitu humpa kijana mstari mzuri na kumnyima habari ya ulikotoka, naye akawa sawasawa na yule mchimbaji mbele ya metorex.

Kuhusu kompyuta zenyewe, mgeni hushangaa aonapo katika maabara nyingi mashine kuukuu isiyoruhusiwa kuguswa, ikitumia Windows XP, programu ambayo Microsoft iliacha kuihudumia mwezi wa Aprili 2014. Si ubahili wala uzembe. Chombo kilichounganishwa nayo huzungumza kupitia tundu la pini tisa ambalo kompyuta za leo hazinalo, na programu yake haikuandikwa upya na mtengenezaji. Ikifa kompyuta, chombo chenye thamani ya maelfu ya dola hugeuka pambo. Mashine ya namna hiyo iachwe iendelee na kazi yake, madhali imetengwa kabisa na intaneti, na matokeo yachukuliwe kwa njia nyingine. Na mtu asidhani kwamba tatizo ni la XP peke yake, kwa kuwa tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida, na kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa haziwezi kupokea toleo linalofuata. Chuo kisicho na fedha za kununua mpya kinaweza kuzitia mashine hizo programu huria ya Linux, zikafanya kazi ya kuandika nambari na kuchora mistari bila taabu. Ila sharti vihisi vichaguliwe vile visivyomfunga mtu kwa programu ya kampuni moja.

Na humo ndimo lilimo tumaini kubwa la miaka hii. Tangu Arduino, kibao kidogo cha elektroniki, ilipotokea katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, huko Uingereza mwaka 2012 kwa bei ya dola 35 au pungufu, mwanafunzi mwenye waya na subira aweza kujijengea kipima rangi kwa taa ndogo na kihisi cha nuru. Atie amonia katika miyeyusho ya shaba, ipate ule ubuluu mzito, apime nuru iliyopita, achore mstari wa ulinganifu, na kutoka hapo aseme shaba ya sampuli asiyoijua ni kiasi gani.

Kisha na aende akachote maji katika ziwa la Karavia, ayapime kwa kifaa kile kile, na hapo ndipo atakapojifunza jambo ambalo vitabu havifundishi vizuri. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Kwa kiasi hicho rangi ya shaba na amonia ni hafifu mno, na kifaa cha kujijengea hakitaiona kamwe; kitaandika sufuri. Sufuri hiyo haimaanishi kuwa maji ni salama, na mwanafunzi aliyeielewa tofauti hiyo amekwisha kuingia katika ukemia, maana sasa ana sababu ya kudai chombo chenye macho makali zaidi, na anajua kulitetea dai lake kwa hesabu.

Macho hayo makali yanahitajika hapa hapa. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa wakazi wa maeneo ya migodi na matanuru ya Katanga, na viwango vya kobalti walivyovikuta vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyopata kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote duniani. Swali lilikuwa la Katanga na miili ilikuwa ya watu wa Katanga. Vipimo vilifanyiwa Ubelgiji. Ushirikiano huo ni wa heshima na haukosi shukrani, lakini mji unaoishi kwa kupima mawe yake unastahili pia kuweza kupima damu na maji ya watoto wake.

Misaada ya vyombo huja, nayo ina adabu zake. Uchunguzi wa Perry na Malkin uliotolewa mwaka 2011 kuhusu vyombo vya hospitali katika nchi maskini ulionyesha kuwa takriban asilimia 40 vilikuwa havifanyi kazi, na sioni sababu ya kudhani kwamba vyombo vya kemia vina bahati njema zaidi. Umeme wa Katanga, utokao katika mabwawa kama Mwadingusha ya mwaka 1930 na katika waya mrefu wa kilomita zipatazo 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, hukatika na kurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kiuacho vyombo. Kwa sababu hiyo fedha ya kwanza ya kununulia vifaa, kwa maoni yangu, iende kwenye ondula, yaani kifaa cha kuvilinda vyombo umeme ukatikapo, na betri zake. Ya pili kwenye vihisi vidogo vingi, ili kila wanafunzi wawili wawe na chao, badala ya kumi na watano kumzunguka mmoja anayebonyeza. Na chombo kikubwa kifuate baada ya hayo. Kenya imetupa mfano mwema: mtandao wa wanakemia wa Afrika ulioanzishwa mwaka 2007 kwa msaada wa chama cha kemia cha Uingereza ulitilia mkazo mafunzo ya kuvitumia na kuvitunza vyombo, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, huko Juja, kikawa mahali ambapo wanakemia wa nchi mbalimbali walikwenda kufunzwa.

Fundi wa maabara ndiye aliyesahauliwa zaidi katika mipango yote niliyopata kuisoma. Profesa ana cheo, mwanafunzi ana shahada anayoitazamia, ilhali yeye anayejua ni waya upi umelegea na ni elektrodi ipi imeanza kudanganya, aghalabu hana nafasi iliyoandikwa wala mtu anayemrithisha ujuzi wake. Bajeti ya kuvifanya upya vyombo ianze na mshahara wake na wa kijana mmoja wa kujifunza chini yake, pamoja na fungu la kila mwaka la elektrodi, bufa na betri. Halafu ndipo majina ya mashine yaandikwe.