Kudidimia na Kuibuliwa: Istilahi za Miamba ya Nyanda za Juu Kusini

Kwa msemaji wa pwani, mwamba mara nyingi ni safu ya mawe iliyo baharini, mahali vyombo vinapokwama. Kwa mkazi wa Iringa au Mbeya, ni jabali la nchi kavu. Maana hizi mbili zinakutana katika ukanda wa Usagara. Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walieleza kuhusu eklogiti, mwamba wenye madini ya kijani na garneti nyekundu, katika kundi la miamba lililopewa jina la Isimani mkoani Iringa. Asili yake ni basalti ya sakafu ya bahari iliyoshuka zaidi ya kilomita 50, ikageuzwa na shinikizo, kisha ikarudi juu. Mgeuko huo ulitokea takriban miaka milioni 2,000 iliyopita. Katika ukanda wa Ubende, unaoelekea Mbeya kutoka Ziwa Tanganyika, Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha mwaka 2012 habari za eklogiti nyingine za asili hiyo hiyo, zenye umri wa kati ya miaka milioni 1,890 na 1,860.

Yafaa tujiulize safari hiyo tutaisimulia kwa vitenzi gani, maana mwanafunzi wa Isimani aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huipata sekondari kwa Kiingereza.

Wengi watasema bamba la bahari “huzama”. Lakini kuzama humfanya msikilizaji afikirie maji, ilhali tabaka lililo chini ya ganda la dunia ni yabisi, ingawa lina joto kali na husogea polepole mno. “Uzamiaji” nao umekwisha kuchukuliwa na wapiga mbizi na wasafiri wa siri melini. Napendekeza kudidimia, kama nguzo katika ardhi laini. Nomino yake, udidimiaji, haina ugumu wowote.

Kurudi juu ndiko kwenye utamu. “Kufukuliwa” kunadai mchimbaji. “Kuibuka” kunadai kitu chepesi kinachojipandisha chenyewe. Eklogiti si nyepesi. Ina uzito wa ujazo kuliko hata miamba ya tabaka hilo la chini, hivyo ikiachwa peke yake huendelea kudidimia. Huhitaji kubebwa na miamba myepesi zaidi, mojawapo ikiwa serpentiniti, ambayo hutokea maji yanapopenya katika peridotiti: mwamba huvimba, hupungua uzito wa ujazo na kuwa laini. Kwa hiyo, kwa usahihi, serpentiniti huibuka, eklogiti huibuliwa. Mnyambuliko mmoja wa kitenzi umetenganisha mambo mawili ambayo istilahi ya Kiingereza huyafunika kwa neno moja. Kufukuliwa tukuache kwa kazi ya mwisho, ile ya mvua na mito kama Ruaha Mkuu.

Majina ya miamba yenyewe ni suala jingine. Hapo sioni aibu ya kukopa. Serpentiniti imepewa jina kutokana na neno la Kilatini la nyoka, kwa sababu ya rangi na mabaka yake, na mtu anaweza kushawishika kuitafsiri “jiwe la nyoka”. Asifanye hivyo. Jiwe la nyoka tunalo tayari: ni kile kipande cheusi kinachobandikwa penye jeraha la aliyeumwa, nacho kwa kawaida ni mfupa uliochomwa, wala si jiwe.