Taka za Majumbani Kuwa Nishati: Mtazamo Kutoka Nyanda za Chai

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi taka za majumbani zinavyogeuzwa nishati, na kwa nini mpango wa aina hii hutegemea yanayotendeka jikoni kuliko ukubwa wa mtambo. Mnamo Agosti 2018, jiji la Addis Ababa lilizindua mtambo wa Reppie, uliosanifiwa kuteketeza takriban tani 1,400 za taka kwa siku. Umejengwa kando ya jaa la Koshe, ambalo lilikuwa limeporomoka Machi 2017 na kuua zaidi ya watu 100. Mwanzoni mwa miaka ya 2020, kampuni ya KenGen nayo ilitangaza azma ya kujenga mtambo Dandora, Nairobi, penye jaa lililotajwa kuwa limejaa tangu 2001. Je, miji ya Kericho na Bomet ifuate njia hiyo hiyo?

Sehemu ya jibu imo katika viwanda vyetu vya chai. Jani bichi lina maji mengi mno, hata huhitajika zaidi ya kilo nne za majani mabichi ili kupata kilo moja ya chai kavu. Yale marundo ya kuni za mikaratusi tunayoyaona viwandani, moto wake hutumika zaidi kuyafukuza maji hayo. Maganda ya viazi, masalia ya sukumawiki na ugali uliolala ni vivyo hivyo. Ukiyatia tanurini, moto utashughulika kwanza kuchemsha maji kabla ya kutoa nguvu ya kuzungusha mtambo wa umeme. Taka zetu aghalabu ni za chakula, na mvua ya Kericho huzidisha tatizo.

Njia ya pili ni bayogesi. Taka hutiwa katika tangi lisilopitisha hewa, vijidudu vikaziozesha na kutoa gesi ya methani, na tope linalosalia likawa mbolea. Hapa maji si adui. Kampuni ya James Finlay ilijenga mtambo wa namna hii Kericho, ukitumia mabaki ya majani ya kiwanda cha Saosa. Hata hivyo, kiwanda hujua kinachoingia tangini. Ndoo ya nyumbani huchanganya maganda, betri, vioo na nepi, na betri chache zaweza kulifanya tope lisifae kutiwa shambani.

Kwa hiyo kutenganisha taka ndiko kiini cha mpango wowote ule. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inadai taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Ugumu unaanza katika istilahi, nasi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kujivua lawama. Tumeridhia "taka ngumu", ilhali ndani yake mna uji uliochacha. Tumeridhia pia "taka kavu" kwa chupa na mifuko. Lakini chupa iliyonyeshewa haiwi mbichi, wala jani la mgomba lililokauka haliachi kuoza. Anayesoma maneno hayo kwenye pipa atakosea kwa sababu ameyaelewa sawasawa.

Si kwamba wenyeji hawajui kuchambua. Mchumaji hufunzwa kuchuma majani mawili na chipukizi, na katika kituo cha kuuzia majani karani hukataa yaliyokomaa kabla ya kupima mzani. Hakuna anayehitaji semina ili aelewe kigezo hicho, maana kinaonekana kwa macho na kina malipo. Taka hazijapata kigezo wala malipo ya aina hiyo. Kaunti, ambazo kwa mujibu wa Katiba ya 2010 ndizo zenye jukumu la kuzoa taka, zingeanza na mapipa mawili sokoni yaliyoandikwa "Vinavyooza" na "Visivyooza", kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, kabla ya kumwita mhandisi wa tanuri.