Kanuni ya 1148 ilitoka wapi?

Mzee ana wake watatu. Yeye hajabatizwa, nao hawajabatizwa. Anaomba ubatizo. Paroko atafungua kitabu cha Sheria za Kanisa, kanuni ya 1148. Inasema kwamba kama ni vigumu kwake kubaki na mke wa kwanza, anaweza kubaki na mmoja wa hao wengine, akaachana na waliosalia. Ukiisoma utadhani iliandikwa kwa ajili ya Afrika. Kumbe ilianzia Amerika, mwaka 1537.

Kwa karne nyingi Kanisa halikuwa na kitabu kimoja cha sheria. Mitaguso ilitunga kanuni, kama ule wa Nisea wa mwaka 325 uliotoa kanuni 20. Askofu aliyekwama aliandika Roma. Papa akamjibu, na jibu hilo likawaongoza maaskofu wengine wenye tatizo kama lake. Majibu yakarundikana, mengine yakipingana. Mnamo 1140, huko Bologna, mwanasheria Gratian aliyakusanya na kujaribu kuyapatanisha. Sehemu ya pili ya kazi yake ina kesi 36: anatunga kisa, anauliza maswali, halafu anapima hoja za kila upande. Mwaka 1234 Papa Gregori IX akatoa mkusanyo rasmi wa majibu ya Mapapa, ulioandaliwa na Raymond wa Peñafort.

Suala la mitala nalo liliingia kwa njia hiyohiyo. Wamisionari waliokwenda Amerika walikuta wanaume wenye wake wengi wakitaka kubatizwa. Mwaka 1537 Papa Paulo III aliagiza kwamba anayemkumbuka mke wake wa kwanza abaki naye, na asiyemkumbuka achague amtakaye. Mwaka 1571 Pio V akalegeza zaidi: mume angeweza kubaki na mke atakayebatizwa pamoja naye, hata kama si wa kwanza. Mwaka 1585 Gregori XIII akawafikiria watu waliotekwa na kupelekwa mbali, wakiwemo wa Angola. Hao, wakishabatizwa, waliweza kupewa ruhusa ya kufunga ndoa nyingine ikiwa wenzi wao walioachwa nyumbani hawafikiki. Kwa hiyo Afrika iliingia katika sheria hii kupitia biashara ya utumwa.

Mwaka 1904 Pio X aliagiza sheria zote zipangwe upya, na Pietro Gasparri akaisimamia kazi hiyo. Benedikto XV alitangaza kitabu chenye kanuni 2,414 mwaka 1917, na humo ruhusa zile tatu zikapanuliwa hadi nchi nyingine zenye mazingira kama hayo. Kitabu cha sasa, chenye kanuni 1,752, kilitangazwa na Yohane Paulo II mwaka 1983. Ruhusa hizo sasa ziko katika kanuni ya 1148 na ya 1149.

Kanuni ya 1148 ina aya ya tatu, nayo ndiyo ningependa isomwe kwanza. Inamtaka askofu ahakikishe kwamba mke wa kwanza na wengine walioachwa wanapata mahitaji yao, kwa haki na kwa upendo wa Kikristo. Bila aya hiyo, mume angepata ubatizo na mama wa watoto wake angebaki bila shamba wala paa.

Wapo wanaosema sheria za Kanisa hazibadiliki. Ni kweli kwa sehemu. Kwamba mume awe na mke mmoja, Kanisa linafundisha kuwa ni sheria ya Mungu, na hakuna Papa anayeweza kuifuta. Lakini utaratibu wa kuitekeleza hutungwa na watu, na hubadilika. Tangu 1741, kwa kawaida ndoa haikuhesabiwa kuwa batili mpaka mahakama mbili za Kanisa zikubaliane. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliliondoa sharti hilo, hukumu moja ikatosha isipokatiwa rufaa. Kwa hiyo anayeambiwa parokiani kwamba sheria haimruhusu ana haki ya kuuliza ni kanuni ya ngapi, na je, ni ya Mungu au ya Kanisa.