Shajara ya mwanafunzi isiwekwe kundini

Katika mji kama Bunia, jimboni Ituri, mashariki mwa Kongo (DRC), masomo ya mtandaoni mara nyingi hupitia kundi la WhatsApp. Kundi linafaa kutangaza ratiba, kusambaza notisi na kuulizana maswali. Halifai kumwuliza mwanafunzi amekwama wapi. Mbele ya wenzake wote ataandika "nimeelewa, asante profesa", kisha anyamaze. Swali hilo linataka shajara ya faragha: ukurasa anaouandika kila juma, unaosomwa na mwalimu wake peke yake.

Mwaka 1983 Mmarekani Donald Schön alieleza katika kitabu chake jinsi wataalamu wanavyojifunza kwa kuitafakari kazi wakiwa ndani yake, na tena baada ya kuimaliza. Shajara inahudumia tafakari hiyo ya pili.

Tuchukue mwanafunzi wa ualimu aliye katika staji (mazoezi ya kufundisha) ya shule ya msingi. Anaandika: "Leo, katika hesabu, nimefundisha sehemu. Somo limekwenda vizuri." Hiyo ni ripoti. Mwalimu wake anajibu kwa swali moja: "Nani hakuelewa, na ulijuaje?" Juma linalofuata mwanafunzi anaandika: "Watoto wa nyuma walinakili theluthi bila kosa. Nilipowapa karatasi waikunje sehemu tatu sawa, walibaki wakinitazama. Nilidhani anayenakili ameelewa. Kesho naanza na karatasi, ubao baadaye." Sasa ametafakari: ameona kilichotokea, amekipa maana, amechagua hatua. Mbele ya kundi asingethubutu kuandika hivyo.

Katika Ituri, ambako utawala wa kijeshi ulianza Mei 2021, faragha ni usalama pia. Anayeeleza kwa nini hakusoma juma zima huenda akataja kijiji chake au ndugu waliokimbia mapigano. Yakiwa kundini, picha moja ya skrini inatosha kuyafikisha maneno hayo asikotaka. Kwa hiyo mwalimu aweke masharti mapema: majina ya watu na ya vijiji yasiandikwe, akaunti isiachwe wazi kwenye simu inayotumiwa na watu wengi nyumbani, na kama maisha ya mtu yamo hatarini, mwalimu atatafuta msaada, hatakaa kimya. Mwanafunzi ayajue hayo kabla ya mstari wa kwanza.

Gharama si kubwa. Maandishi ya maneno 300 hayazidi sana kilobaiti mbili, wakati dakika moja ya video hula megabaiti kadhaa. Chuo chenye Moodle, programu isiyolipiwa leseni, kinaweza kutumia sehemu ya kazi za nyumbani, ambamo mwanafunzi haoni maandishi ya mwenzake. Pasipo Moodle, barua pepe inatosha. Na kama kozi ni ya Kifaransa, aruhusiwe kutafakari kwa Kiswahili, mradi awaze kwa uhuru.

Alama zitolewe kwa kuandika kila juma, zisitolewe kwa yaliyoandikwa. Anayepoteza alama kwa kukiri kwamba hakuelewa, juma lijalo atasema ameelewa. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi awasome kwa zamu, robo yao kila juma, na kila mmoja ajibiwe japo mistari miwili. Shajara isiyojibiwa huachwa upesi. Ikijibiwa, mwalimu anapata kitu ambacho mtihani humpa akiwa amechelewa: habari za kweli za aliyekwama, wakati bado kuna somo la kumsaidia.